Shule Ambazo Hazikufungwa

Ikirimba yetu, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu, hukutana Jumapili ya mwisho ya mwezi, kila mara kwa mwanachama mwingine, na zamu ya mwezi wa 8 mwaka 2024 iliangukia Kinindo. Mimi ni mtu wa Buyenzi, hapa hapa Bujumbura. Kwetu mtoto hulia kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Kinindo, kule chini upande wa ziwa, nyuma ya mageti na miembe, watu huongea Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili hukitoa kama vyombo vya wageni. Lakini pesa za ikirimba tunazihesabu kwa Kiswahili, na kwa hiyo hata ugomvi wetu huwa wa Kiswahili.

Ugomvi wa siku hiyo uliletwa na mpox. Tarehe 25 mwezi wa 7 ilitangazwa kwamba ugonjwa umeingia Burundi, na tarehe 14 mwezi wa 8 Shirika la Afya Duniani likasema ni dharura ya dunia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Muuguzi wetu aliingia amechelewa kwa sababu ya zamu ya kazini, akakataa kumpa mkono mtu yeyote, na kabla hajavuta kiti Dereva alishamuuliza: “Dokta wetu, safari hii wanafunga shule au hawafungi?”

Yaliyofuata nimeyaandika kama nilivyoyasikia, majina nimeyaacha nyumbani kwa wenyewe. Ila msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala lazima nimwambie jambo moja kwanza, asije akadhani tunasimulia hadithi yake. Mwezi wa 3 mwaka 2020 dunia ilipofunga madarasa, na UNESCO ikahesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliorudishwa majumbani, Tanzania ilifunga tarehe 17 na Uganda tarehe 20. Kenya na Rwanda zilikuwa zimeshatangulia, Kongo nayo ikafunga wiki hiyo hiyo. Burundi ilisimamisha ndege, ikatangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza tarehe 31, na shule ikaziacha wazi. Zilizofunga hapa Bujumbura ni chache za kimataifa, zile ambazo minerivali yake, yaani karo, mtu huihesabu kwa dola au yuro. Kwa hiyo swali la Dereva, kwa Mrundi, ni swali la kitu ambacho hakikumpata wakati wa korona. Na bado watu saba walikuwa na majibu saba.

MWENYEJI: Wafunge, na wafunge mapema. Mimi 2020 sikungoja tangazo. Shule ya wanangu ilifunga yenyewe, watoto wakasomea pale, kwenye meza ile ya chakula, kila mmoja na kompyuta yake. Intaneti nililipia mara mbili kwa mwezi. Lakini ndani ya nyumba hii hakukohoa mtu.

MZEE: Wewe ulifunga nyumba, mwanangu. Hukufunga shule.

MWENYEJI: Si ni mamoja, Mzee?

MZEE: Si mamoja hata kidogo. Mimi nimeiona shule ikifungwa. Mwaka 1993, mwezi wa 10, Rais Ndadaye alipouawa, mwanangu wa tatu alikuwa darasa la 5 huko mlimani kwetu. Mwalimu alikimbia, watoto wakakimbia, mabati yakaibwa, madawati yakawa kuni. Siku mwanangu aliporudi darasani sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito. Walimkalisha na watoto wanaomfikia kifuani. Alivumilia muhula mmoja. Leo ni fundi mzuri wa kuchomelea, Mungu ashukuriwe, lakini akipewa mkataba ausaini ananipigia mimi simu nimsomee. Ana miaka zaidi ya 40. Shule ukiifunga, usidhani ufunguo unabaki mfukoni mwako.

MUUGUZI: Mzee, kwa heshima yako. Mwaka 1993 shule zilifungwa na risasi, na risasi unaisikia. Ugonjwa hausikiki. Ugonjwa lazima mtu auhesabu ndipo uonekane, na 2020 nani alikuwa anahesabu?

Hapo alivua kandambili zake, jambo ambalo kwake ni kama hakimu kuvaa joho, na tukajua maneno yatakuwa marefu.

MUUGUZI: Tukumbushane. Mwezi wa 5, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20, mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani aliambiwa aondoke nchini, yeye na wenzake watatu. Mikutano ya kampeni ilijaa watu bega kwa bega. Tuliambiwa Mungu anatulinda. Mimi ni Mkristo, sibishani na Mungu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha mashuka. Tarehe 8 mwezi wa 6 Rais Nkurunziza akafariki, serikali ikasema ni moyo. Mwisho wa mwezi huo rais mpya akasimama akasema korona ni adui namba moja wa Warundi. Mwezi wa 7 ndipo kampeni ikaja, Ndakira, sinandura kandi sinanduza, yaani napona, siambukizwi wala siambukizi, watu wakapanga foleni wapimwe, sabuni ya buluu ikashushwa bei nusu. Nzuri sana, niliipigia makofi. Lakini kati ya mwezi wa 3 na wa 7? Giza. Mtu akiniambia “shule zilibaki wazi na hakuna kilichotokea”, mimi namuuliza swali moja tu: umejuaje?

DEREVA: Tumejua kwa sababu hatukuzika watoto.

MUUGUZI: Korona haikuwa inaua watoto, sha. Ilikuwa inapanda migongo yao kwenda kwa bibi zao. Mabibi tulizika. Ilisemwa wamekufa kwa presha, kwa sukari, kwa uzee. Labda kweli. Labda.

MWENYEJI: Hata Sweden waliacha shule za watoto wadogo wazi, na ni Ulaya.

MUUGUZI: Waliacha wazi na kila siku walitangaza wamekufa wangapi. Mzazi wa kule alikuwa na namba mkononi, akichagua anachagua. Wewe mwenyewe ulichagua kwa nini? Kwa sababu shule ya wanao ilikuandikia barua pepe. Mama wa mtaa wa Musaga, kule juu, aliandikiwa na nani?

Mwenyeji hakujibu. Alijimiminia Fanta, na glasi ilikuwa bado imejaa.

Nitoe langu hapa, maana niliulizwa nikalikwepa. Mwaka 2020 nilikuwa Buyenzi na watoto watatu wa shule. Kila asubuhi niliwapeleka. Nimesikia wazazi wa nchi nyingine wakieleza jinsi walivyopima, walivyolia, walivyogombana na waume zao. Mimi sikupima chochote. Niliwapeleka kwa sababu watoto wa jirani walikwenda, na jirani naye, aliniambia baadaye, aliwapeleka wake kwa sababu aliwaona wangu wanapita. Jioni niliwasugua kwa sabuni mpaka wa mwisho akawa anajificha nyuma ya mtungi. Huo ndio uliokuwa uamuzi wangu wote kama mzazi: kipande cha sabuni na mtoto anayekimbia.

Mama Kampala alikuwa amenyamaza muda wote huo. Jina la Kampala tumempa sisi. Yeye ni mtoto wa Bujumbura kabisa, lakini alitoka na familia yake katika msukosuko wa kisiasa wa 2015, akaishi Uganda mpaka korona ilipopita. Binti yake wa kati alikuwa uani na wenzake, wanacheza shule. Wa kushika fimbo alikuwa mwingine.

MAMA KAMPALA: Nyinyi mnaongea kufunga kama mtu anayeongea njaa akiwa ameshiba. Mimi nimeishi ndani yake. Tarehe 20 mwezi wa 3, 2020, binti yangu yuko darasa la 2, anasoma neno moja moja kwa kidole. Wakasema mwezi mmoja. Nikasema sawa, mwezi mmoja, tutapika mandazi. Mwezi wa 10 wakaruhusu wa mitihani warudi. Wetu bado. Mwaka ukaisha. Mwaka 2021 wakarudisha kidogo kidogo, wakubwa kwanza, na wadogo wa chini tukapangiwa tarehe 7 mwezi wa 6. Nikanunua soksi. Nikashona begi. Jumapili usiku rais akahutubia: ugonjwa umerudi, shule zote zifungwe tena. Soksi zile zilibaki kwenye karatasi yake. Aliporudi darasani ilikuwa tarehe 10 mwezi wa 1, 2022. Soksi hazimwingii.

MZEE: Miezi ishirini na…

MAMA KAMPALA: Karibu 22. Wanasema hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko Uganda. Sisi hatukuhitaji kuambiwa.

MWENYEJI: Lakini walitoa masomo ya redio, si kweli? Magazetini pia.

MAMA KAMPALA: Walitoa. Gazeti lilikuja na kurasa za masomo, nikamkalisha. Kaka, mimi nilisomea Kifaransa, Kiingereza changu ni cha sokoni. Kurasa zile zilikuwa zinanifundisha mimi, si yeye. Mwalimu wake wa shule ya binafsi alikuwa hana mshahara, nikamkuta anakaanga chapati kando ya barabara. Nikamwambia, mwalimu, njoo nyumbani umfundishe, nitakulipa. Akacheka akasema, mama, chapati zinalipa kila jioni. Nikanunua mbili, nikaondoka. Mtoto naye akaanza kumsaidia jirani kuuza maji. Alikuwa anajua chenji kuliko mimi. Kusoma akasahau. Si kwamba hakuendelea. Alisahau. Herufi zilimtoka kama meno ya utotoni.

DEREVA: Halafu wakampandisha darasa.

MAMA KAMPALA: Wote walipandishwa. Wangefanya nini, warundike watoto wa miaka miwili ya shule kwenye darasa moja? Wakampandisha na upofu wake. Wengine hawakurudi kabisa. Watoto wa mtaa wetu, wasichana wawili wenye miaka 15 na 16, walirudi kliniki, hawakurudi shule. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, mpox au si mpox, jibu langu ni moja. Msifunge.

MUUGUZI: Hata kama?

MAMA KAMPALA: Dada, hata kama nini? Malizia.

Muuguzi hakumalizia. Ni mara ya kwanza nimemwona hivyo.

Dereva, ambaye husikiliza redio masaa yote akiwa kwenye foleni ya petroli, na mwaka huo foleni ya petroli Bujumbura ilikuwa kazi ya kudumu, akaona nafasi yake.

DEREVA: Kenya je? Kule Mwea shule ya binafsi ilitoa madawati ikaingiza kuku. Nilisikia mwenyewe. Ubaoni bado kuna hesabu, chini kuna vifaranga. Waziri wao, marehemu Magoha, akasema mwaka mzima wa 2020 umekwisha, watoto wataurudia. Mwaka mzima! Tanzania walifunga, wakafungua wiki ya mwisho ya mwezi wa 6, hawakurudia kitu. Nani alikosea? Mimi naona hakuna aliyejua. Kila mmoja alikuwa anaendesha usiku bila taa, akifuata taa za nyuma za aliyetangulia.

MZEE: Na sisi tulifuata za nani?

DEREVA: Sisi, Mzee, tulikuwa tumesimama tu.

Tulicheka, ila Mwalimu hakucheka. Huyu ni mwalimu wa ekofo, shule ya msingi ya serikali, mwanamke wa miaka hamsini hivi, na katika ikirimba yetu ndiye hajawahi kuchelewesha mchango hata siku moja, kwa mshahara ule. Tangu mwanzo kila mtu alikuwa anaongea juu ya shule mbele yake kama watu wanaojadili bei ya nyumba huku mpangaji amekaa sebuleni.

MWALIMU: Naomba na mimi niseme, maana naona nyote mnajua shule ni nini. Mnasema “shule ilibaki wazi”. Kilichobaki wazi ni mimi. Mlango haufundishi. Darasa langu mwaka ule lilikuwa na watoto 87 asubuhi, na mchana zamu nyingine inaingia kwenye madawati hayo hayo kabla hayajapoa. Watoto wanne kwenye dawati. Mnaambiwa mita moja kati ya mtu na mtu. Mita moja! Ningewapanga mpaka Rumonge. Walileta ndoo mbili za kunawia, zikakaa vizuri wiki chache. Halafu moja ikapasuka, nyingine ikawa ya kumwagilia maua ya ofisini. Mimi nilikuwa naishi na mama yangu, ana miaka 81. Kila siku nikirudi nakaa nje, navua nguo nyuma ya nyumba kama mtu aliyetoka kuzika, ndipo naingia. Hakuna mzazi hata mmoja aliyeniuliza, mwalimu, wewe unaogopa? Waliniuliza kama mtihani utakuwepo.

MZEE: Ulitaka zifungwe?

MWALIMU: Nilitaka niulizwe.

Akanyamaza kidogo, akaendelea kwa sauti ya chini zaidi.

MWALIMU: Na jingine, Mzee, usikasirike. Wewe unaamini shule ikiwa wazi mtoto anasoma. Mwaka 2014 kwenye ule mtihani wa nchi 10 zinazosomesha kwa Kifaransa, PASEC, watoto wetu walikuwa mbele, tuliwaringia majirani. Ni kweli, na nilijivuna. Lakini mtoto wa 87, yule wa nyuma kabisa karibu na dirisha lisilo na kioo, anakuja kila siku mwaka mzima, na mwisho wa mwaka anarudia darasa. Anarudia tena. Huyo shule yake iko wazi? Mama Kampala, binti yako alisahau herufi nyumbani. Mimi nina watoto wanaozisahau mbele yangu.

MAMA KAMPALA: Lakini wako mbele yako, mwalimu. Wangu alikuwa mbele ya mtungi wa maji ya kuuza. Huyo wa dirishani ana miaka 15 na bado anaitwa mwanafunzi. Wale wasichana wawili wa mtaa wetu wanaitwa mama fulani.

Nilitazama kalamu yangu. Katika mijadala yote niliyowahi kuandika, ni mara chache watu wawili hupigana hivi na wote wawili wakawa wamesema kweli, tena kweli moja isiizime nyingine. Mimi nilikuwa upande wa Mama Kampala na bado niko. Lakini tangu siku ile siwezi tena kusema “shule zilibaki wazi” bila kumwona Mwalimu nyuma ya nyumba yake, anavua nguo gizani.

Ni Mwenyeji aliyeifanya nyumba igeuke. Huenda alitaka kujitetea tu.

MWENYEJI: Haya, sisi tunaongea. Tumuulize Yaya. Yeye watoto wake wanasoma Musaga.

Yaya alikuwa ameinama anaokota vikombe. Amefanya kazi katika nyumba ile miaka mingi, huteremka kutoka Musaga kwa miguu kila asubuhi na kupanda jioni. Alisimama na trei mkononi. Alijibu kwa Kirundi kwanza, Mzee akamwambia, “Ongea tu, mwanangu, Kiswahili chako ni kizuri kuliko cha huyu baba,” watu wakacheka, naye akaweka trei chini.

YAYA: Niseme nini sasa? Zingefungwa, ningewaweka wapi?

MWENYEJI: Si nyumbani?

YAYA: Na nani, baba?

Kimya. Uani mtoto mwenye fimbo alikuwa anaita majina: “Present! Present!” wakijibizana kwa Kifaransa kama wafanyavyo darasani.

YAYA: Mwaka ule mimi nilikuwa hapa na watoto wa hapa. Wao wanasoma kwenye kompyuta, mimi nawapikia saa 4, nawapikia saa 7, kwa sababu hawaendi popote. Kazi iliongezeka. Wangu watatu walikuwa shuleni mpaka mchana, halafu mkubwa anawashika wadogo mpaka nirudi. Shule ingefungwa, mkubwa angewashika siku nzima. Alikuwa na miaka 10. Au ningeacha kazi. Sasa ningeacha kazi, tungekula huo ugonjwa? Kwa hiyo watu wakisema “wafunge”, mimi nasikia “Yaya, chagua”.

MUUGUZI: Na uliogopa?

YAYA: Nyumba hii iliogopa. Pale getini waliweka ndoo na sabuni, mimi nanawa kabla ya kuingia, na barakoa nilipewa hapa. Nilinawa vizuri sana. Sabuni ikibaki kidogo hivi, vile vipande, navifunga kwenye karatasi nawapelekea watoto waende navyo shuleni, maana kwao ndoo ilikuwepo lakini sabuni ilikuwa imekwisha.

Alimtazama Mwenyeji haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba amekiri kitu.

YAYA: Vilikuwa vipande tu.

Sitasema Mwenyeji alifanya nini na uso wake. Ni mtu mwema, na mwezi ule alikuwa ametulisha vizuri: samaki wa mukeke wa kuchoma, ndizi, maharage ya mawese. Nitasema tu kwamba nilifanya hesabu ambayo nadhani na wengine waliifanya. Watoto wa geti hili walifungiwa ndani wasiguswe na dunia, na dunia ilikuwa inaingia kila asubuhi saa 1, inanawa mikono, inawapikia chai, na jioni inarudi Musaga kulala chumba kimoja na watoto watatu waliokaa wanne kwa dawati. Yaani hata pale ambapo mzazi alifunga, hakufunga. Kilichofungwa kilikuwa ni nafasi ya kuona.

MUUGUZI: Basi nibadilishe swali langu.

DEREVA: Ehe! Dokta anasalimu amri.

MUUGUZI: Sisalimu kitu. Mpox si korona. Hii inaambukiza kwa ngozi kugusana, kwa nguo, kwa shuka, na humu mjini wengi wa wanaoletwa kwetu ni watoto. Na upele unaonekana. Mtoto mwenye upele mwalimu anaweza kumwona mlangoni asubuhi, akamtenga, akaniita. Sihitaji kufunga shule nzima kwa hilo. Ila nahitaji vitu vitatu: mwalimu awe anajua anachokitazama, mzazi asimfiche mtoto kwa aibu, na mikono inawiwe. Mwalimu, shuleni kwako bomba ngapi?

MWALIMU: Tatu.

MUUGUZI: Zinatoa maji?

MWALIMU: Umeuliza ngapi.

MUUGUZI: Mwalimu.

MWALIMU: Moja. Na hiyo hutoa usiku. Mlinzi anajaza mapipa, asubuhi tunachota.

MZEE: Watoto wote wangapi, zamu zote mbili?

MWALIMU: Hawapungui elfu moja na mia tatu.

Mzee alikuwa ameshika daftari la ikirimba, maana yeye ndiye mweka hazina. Akaandika kwenye jalada la nyuma, kwa penseli, 1, akapiga mstari, chini yake 1,300. Akaitazama ile sehemu kama mtu anayetazama deni la mtu mwingine lililoletwa kwake kwa makosa.

MAMA KAMPALA: Ikirimba ya mwezi huu ni ya nani?

MZEE: Ya Dereva.

DEREVA: Ya kwangu, na ni ya matairi, msianze.

MAMA KAMPALA: Hakuna aliyesema kitu.

DEREVA: Nawajua nyie. Nyie mkianza na bomba mnamalizia na matairi yangu.

Simu yake ikalia hapo hapo. Alisikiliza sekunde tatu, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Kituo kimoja huko mjini kilikuwa kimepata petroli, lori lilikuwa bado linashusha. Alishika ufunguo, akashika kidumu chake, akamwambia Mzee amhifadhie zamu yake mpaka kesho, na kabla hajafika getini Mwenyeji naye alikuwa anatafuta viatu. Muuguzi akawauliza kama watampitisha njiani. Mtu hakatai lifti mwaka wa foleni.

Tulibaki wanne: Mzee na daftari, Mwalimu, Mama Kampala na mimi. Yaya alikuwa ameshachukua trei. Mama Kampala akamwita binti yake, waondoke kabla giza halijaingia, kwa sababu upande ule wa ziwa viboko hutoka majini jioni na barabara inakuwa yao. Binti akaja akihema, vumbi mpaka magotini.

“Mlikuwa mnacheza nini?” Mwalimu akamuuliza, ingawa alijua.

“Shule.”

“Na wewe ulikuwa nani?”

“Mimi nilikuwa nimechelewa,” akasema. “Nilikuwa nagonga mlango.”

Mwalimu akamfuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, goti moja, kisha jingine, halafu akanawa mikono kwenye ndoo ya getini. Sabuni ilikuwa imebaki kipande chembamba. Alikitazama, akakirudisha mahali pake.